Baiskeli kwa afya: Upande peke yako au uingie kwenye kundi?

Katika safu yetu ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni dogo, nalo ni namna ya kuanza mazoezi ya baiskeli. Swali hili sikulitunga mimi, nililetewa na mgonjwa wangu. Nilipotaka kumjibu harakaharaka, nikakumbuka kuwa jibu lake laweza kumnufaisha mtu na laweza pia kumwangamiza.

Mgonjwa mwenyewe ni fundi cherehani wa hapa mjini Tanga, na umri wake umepindukia miaka 50. Hukaa kwenye cherehani kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, akiinuka kwa ajili ya sala na chakula tu. Alikuja zahanati akilalamika kizunguzungu, kiu isiyokwisha na kukojoa mara kwa mara usiku. Tulimpima zaidi ya siku moja ili tuhakikishe. Presha yake ikawa 160 kwa 100, na sukari kabla hajala kitu ikawa juu ya 9. Mtu ambaye sukari yake kabla ya kula hufikia 7 au zaidi kwa vipimo viwili huhesabiwa kuwa ana kisukari. Akaanzishiwa dawa, akaambiwa apunguze chumvi, mafuta na soda, na aushughulishe mwili wake.

Akaniambia, "Mwanangu daktari, kukimbia magoti yangu hayataki. Lakini ninayo Phoenix ya marehemu baba, imeegemea ukuta miaka mingi." Nikamwambia, "Mzee wangu, mpelekee fundi baiskeli leo hii. Baiskeli hubeba uzito wa mwili, magoti hayapati kishindo kama cha kukimbia."

Baada ya wiki mbili akarejea. Baiskeli imeshabadilishwa tairi, cheni na breki, lakini nyumbani kumezuka mvutano. Kijana wake yumo katika chama cha waendesha baiskeli ambao kila Jumapili asubuhi hutoka mjini kuelekea Pongwe na kurudi, na anamtaka baba yake ajiunge nao. Mkewe naye anasema mtu mzima kufuatana na vijana ni kujitafutia balaa, heri azunguke mwenyewe taratibu. "Sasa wewe tabibu," akaniuliza, "nimsikilize nani?"

Kabla sijakwambia nilichomjibu, nikusimulie mikasa miwili.

ALIYEKUWA PEKE YAKE

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa zamu ya asubuhi, aliletwa mtu mzima akiwa amelazwa juu ya mkokoteni. Alikuwa mgonjwa wa kisukari anayetumia vidonge vya glibenklamidi. Siku hiyo baada ya sala ya Alfajiri alimeza dawa yake, asile kitu kwa kuamini kuwa mazoezi hufaa zaidi tumbo likiwa tupu, akapanda baiskeli na kwenda zake.

Njiani sukari ikashuka. Mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, akili ikachanganyika, akawa anayumba huku na huku mpaka akaanguka kando ya barabara. Watu wawili walimpita. Baadaye walisema walidhani amelewa. Aliyemwokoa ni muuza maziwa aliyemfahamu kwa sura na kujua kuwa yule mzee haonji pombe. Tulipompima, sukari ilikuwa 1.9, ilhali ikiwa chini ya 4 tu tayari ni hatari. Tulimwekea glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache akafumbua macho na kuuliza viatu vyake viko wapi. Alhamdulillah, alirudi kwake salama. Lakini lau muuza maziwa yule angepita njia nyingine, siku ile ingesomwa hitima.

NA MIMI NILIYEKUWA NA WENZANGU

Mkasa wa pili ni wangu mwenyewe, na nausimulia kwa aibu kidogo. Nilipoanza kuona kitambi nilialikwa na vijana fulani tupande baiskeli pamoja. Wao walikuwa wamezoea, mimi nilikuwa na miezi mingi sijagusa pedeli. Kilomita za mwanzo tulikwenda tukizungumza. Kisha mmoja akaongeza mwendo, wa pili akamfuata, na mimi nikaona haya kubaki nyuma. Nilikuwa na kiu, lakini kusimama ili ninywe maji niliona ni kama kutangaza kuwa nimeshindwa. Mimi ambaye huwafundisha watu dalili za kuishiwa maji mwilini nilizificha zangu, mpaka tulipofika kwenye mwinuko nikatapika na macho yakaingia giza.

Wenzangu walinifaa sana siku hiyo. Walinilaza kivulini, wakaninywesha maji kidogo kidogo, wakanitafutia gari. Lakini magoti yaliniuma wiki tatu, na baiskeli yangu ikakaa uani miezi mitano bila kuguswa. Zoezi lililokusudiwa kunijenga likanifanya niyachukie mazoezi.

MASWALI MAWILI YA KUJIULIZA

Ukiitazama mikasa hii utaona kuwa suala lenyewe si chama ni kizuri au ni kibaya. Yapo maswali mawili ambayo kila anayetaka kupanda baiskeli kwa ajili ya afya yake hana budi kujiuliza. La kwanza, ni nani anayeamua mwendo wako? La pili, ni nani atakayejua ukianguka?

Anayepanda peke yake ana jibu zuri la swali la kwanza, kwa kuwa mwendo anaamua mwenyewe. Akichoka hupumzika, akiona kiu hunywa, na akihisi maumivu hurudi nyumbani bila ya kumwomba mtu radhi. Swali la pili ndilo linalomshinda. Anayepanda na kundi mambo yake ni kinyume. Akianguka watamwinua, na gurudumu likipata pancha huwa yuko mwenye pampu. Lakini mwendo wake aghalabu huamuliwa na yule mwenye nguvu kuliko wote, na haya huziba mdomo wa aliye dhaifu.

Kundi lina faida nyingine, nayo ni kukuamsha. Asubuhi ya mvua anayepanda peke yake hujifunika shuka, lakini anayejua wenzake wanamngoja kwenye kona huona vibaya kuwaangusha. Aidha, anayekwenda nyuma ya mwenzake hukingwa na upepo. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kama wa wanamashindano, nguvu inayookolewa kwa njia hiyo hukaribia robo. Ila kwa mwendo wetu wa kilomita 12 au 15 kwa saa faida hiyo ni ndogo mno, na haifai kuifuata mpaka ukaligusa gurudumu la mbele yako. Magurudumu yakigusana, anayeanguka mara nyingi ni wa nyuma, na walio nyuma yake humwangukia.

KIASI GANI KINATOSHA?

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika muongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 mpaka 150 za mazoezi makali. Dakika 30 kwa siku tano tayari ni 150. Mazoezi ya wastani unaweza kuyajua bila kifaa chochote. Uwe unaweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima, lakini ukijaribu kuimba kaswida pumzi ikukatikie. Ukiweza kuimba mpaka mwisho, ongeza mwendo kidogo. Ukishindwa hata kujibu salamu, umezidisha.

Hapa yupo anayeweza kuuliza: je, nikienda na chama Jumapili moja kwa saa tatu si nimeshamaliza dakika za wiki nzima? Kwa hesabu, ndiyo. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari hesabu hiyo ina kasoro. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na athari hiyo huendelea kwa siku moja hadi tatu hivi, kisha huisha. Ndiyo sababu mwenye kisukari hushauriwa asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Safari ya Jumapili peke yake haiwezi kumlinda mpaka Ijumaa. Chama chaweza kuwa nyongeza nzuri, lakini dawa yenyewe ni zile nusu saa za kila siku.

WASIOFAA KUPANDA PEKE YAO

Wapo watu ambao mimi kama tabibu siwaruhusu kupanda peke yao, hasa alfajiri au mahali pasipo na watu. Nao ni hawa:

1. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamidi, kwani dawa hizi zaweza kuishusha sukari ghafla. Anayetumia metformini peke yake hatari hiyo kwake ni ndogo.

2. Mwenye maradhi ya moyo, au aliyewahi kupata kiharusi.

3. Mwenye kifafa. Huyu asipande kabisa mpaka azungumze na daktari wake, kwa sababu akianguka katikati ya barabara hata wenzake hawataweza kumkinga na gari.

4. Aliyewahi kuzimia bila sababu kujulikana.

Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi asianze mazoezi kwanza, awe peke yake au na kundi, mpaka ashushiwe kwa dawa. Pia anayetumia atenololi au propranololi afahamu kuwa dawa hizo huweza kuficha mapigo ya moyo na kutetemeka, ambazo ni dalili za sukari kushuka. Jasho lakini hubaki. Jasho jingi la ghafla lisilolingana na kazi unayofanya usilipuuze.

Mgonjwa wa insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza. Njiani awe na sukari mfukoni, na wenzake wajue ilipo. Akianza kutetemeka, asimame, anywe maji yaliyokorogwa vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari, apumzike dakika 15, na asipande tena mpaka dalili ziishe. Akishazimia msimmiminie kitu kinywani, kwani kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu na kumkimbiza zahanati. Na baada ya safari ndefu sukari yaweza kushuka hata usiku, hivyo asilale bila kula.

Kwa yeyote, maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea mkono wa kushoto au taya, kukata pumzi kusiko kwa kawaida, au kizunguzungu, ni amri ya kusimama. Usiseme "ngoja nifike pale".

KABLA YA KUINGIA CHAMA

Ukiona kundi linakufaa, usitoe ada ya uanachama wala kununua sare kabla ya kuwatazama safari moja au mbili. Waulize haya:

Kwanza, je, wapo wanaokwenda taratibu kwa ajili ya wageni, au wote ni mwendo mmoja? Pili, ni nani anayebaki nyuma kabisa? Kundi lenye busara humweka mzoefu mmoja mkiani ili asiachwe mtu. Ukiambiwa "atakayechoka atatukuta mbele", hilo si kundi la mgonjwa. Tatu, husimama kunywa maji baada ya muda gani? Nne, yupo anayejua huduma ya kwanza, na mna sanduku lake? Tano, mnatoka na kurudi saa ngapi? Kundi linalotoka saa 12 asubuhi baada ya Alfajiri na kurejea kabla ya Adhuhuri halimkoseshi mtu sala. Lile linalotoka usiku wa manane likakuta Alfajiri barabarani bila maji wala kituo, Muislamu alifikirie vyema.

Na kuhusu mavazi, zipo bukta za kubana zenye sponji ambazo waendesha baiskeli huvaa. Sponji yake inasaidia, lakini hakuna kanuni ya afya inayokulazimisha uivae peke yake hadharani. Vaa juu yake suruali nyepesi, ukaufunga mguu wa upande wa cheni kwa mpira au kamba ili usinaswe.

Akina mama nao wasidhani makala haya hayawahusu. Presha na kisukari havichagui. Wapo mabinti na akina mama wengi wa pwani wanaopanda baiskeli wakiwa na mabaibui yao, na wala si kitu kigeni. Wanaohitaji zaidi wenzao wa kwenda nao ni wao, kwa sababu ya usalama wa njiani. Wakipatana wawili au watatu wa mtaa mmoja inatosha. Baiskeli iwe ya fremu ya kike, yenye kifuniko cha cheni, na baibui likusanywe lisiingie kwenye spoku.

USAFI NA BAISKELI YENYEWE

Katika makundi nimeona chupa moja ya maji ikizunguka kwa watu saba. Huo ni ukarimu, lakini pia ni njia ya kugawana mafua, vidonda vya koo na maradhi mengine. Kila mmoja awe na chupa yake, iliyooshwa kwa sabuni, yenye maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Kofia ngumu nayo isiazimwe ovyo, kwani mapunye na chawa huhama nayo. Lakini usiache kuivaa, maana hupunguza sana majeraha ya kichwa mtu anapoanguka.

Ukirudi, usikae na nguo za jasho ukipiga soga. Oga na ujikaushe vizuri mapajani, kwani joto na unyevu huleta fangasi na vipele. Ukiona ganzi sehemu za siri, jua kuwa kiti kinabana mishipa ya fahamu. Inuka juu ya pedeli kila baada ya muda, na mwambie fundi akirekebishe. Kipimo chepesi cha urefu wa kiti ni hiki: weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka. Kiti kifupi ndicho kinachoua magoti. Wanaume wengi huona haya kuitaja ganzi hiyo wakiwa kwenye kundi, wakaivumilia safari nzima. Usivumilie.

Breki zote mbili zishike, taa nyeupe iwe mbele na nyekundu nyuma, na nguo iwe ya rangi inayoonekana. Hayo hayana chama wala upweke.

NJIA YA KATI

Nasi Waislamu tunalo la ziada la kutafakari. Katika Sahih Bukhari imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya mtu kusafiri usiku peke yake. Mimi si mufti, na hukumu zake nawaachia masheikh. Ninachosema ni kuwa hekima yake naiona kwa macho yangu kila anapoletwa zahanati mtu asiyejulikana ni nani wala amepatwa na nini.

Sasa, ndugu msomaji, kama wewe ni mzima, huna dawa unayotumia, na njia yako ina watu, panda peke yako bila hofu. Mjulishe mtu wa nyumbani unapita wapi na utarudi saa ngapi, na uchukue simu yenye chaji. Wiki nne au sita za mwanzo peke yako zitakufundisha mwendo wa mwili wako, na ukishaujua, hata ukiingia kwenye kundi hutaburuzwa. Lakini kama u mgonjwa, tafuta wenzako, na si lazima wawe chama chenye sare na mwenyekiti. Majirani wawili wanaotoka nawe msikitini baada ya Alfajiri, wa umri wako, wenye baiskeli za kawaida, ni kundi tosha. Waambie ugonjwa wako bila kuficha. Maradhi uliyomficha mwenzako njiani ni sawa na kuwa peke yako.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu fundi cherehani, nikamwambia kuwa mkewe na mwanawe wote wamesema kweli, kila mmoja nusu yake. Alipata majirani wawili. Wanatoka asubuhi tano kwa wiki, wakila kitu kidogo kwanza, wanapita Ngamiani mpaka Raskazone wakitazama bahari kidogo, kisha wanarudi kila mtu kazini kwake. Jumapili hutoka na chama cha mwanawe, lakini wameafikiana kuwa akifika kiasi chake hugeuza, na kijana hugeuza naye. Kijana mwenyewe aliniambia kuwa mwanzo alikereka kuwaacha wenzake, na sasa hataki mwingine amsindikize baba yake.

Alipokuja mwezi wa nne, presha ilikuwa 136 kwa 84 na sukari kabla ya kula ilikuwa chini ya 7. Dawa hajaacha, na nilimkanya asiache bila kuambiwa. Nilipomuuliza kama bado anabeba ile sukari, alitia mkono mfukoni akanionyesha kifuko kidogo, na pamoja nacho karatasi iliyokunjwa yenye jina lake, maradhi yake, dawa zake na namba ya simu ya mwanawe. Amekishona mwenyewe kwa cherehani yake, na amewashonea wale majirani zake pia.

Wabillahi tawfiq.